Mlango wa gereji unalia na kusita: tizama, sikiliza, ila springi usiitie mkono

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya milango ya kuwekea gari nyumbani, manake yamekuja kutoka Unguja na Pemba na yote yanagusa khatari ileile.

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mie naishi Mbweni, nyumba tumekodi, ina gereji na mlango ule wa mapande unaopanda juu kwa rimoti. Toka masika unapiga kelele kama unalia, ukifika katikati unasita halafu unaendelea, na juzi nimeona upande mmoja umebaki chini kuliko mwengine. Mume wangu yupo Muscat kikazi. Jirani kanambia ana fundi wake wa kuchomelea, atakuja kuikaza ile springi ya juu na ikibidi ataiunga kwa moto. Nna watoto wawili wanapenda kupita chini mbio mlango ukiwa unashuka. Kipi nifanye mwenyewe na kipi nisiguse? (Mama wawili, Mbweni)

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. La kwanza kabisa, huyo fundi wa kuchomelea apigiwe simu leo aambiwe asije. Simdharau, grili na mageti anayajua vizuri sana, lakini springi ya mlango wa gereji haiendi na moto. Chuma chake kimetiwa ugumu maalum kiwandani, ukikichomelea pale palipopata moto panapoteza ule ugumu, basi inaweza kushika siku mbili tatu mkaona mambo mazuri halafu ikakatika mtu yupo chini yake. Springi iliyokatika haiungwi, inabadilishwa, khalas.

Skiza nikueleze kwa nini naishikilia hii springi. Mlango wa bati wa gari moja una kilo 60 mpaka 80 hivi, wa magari mawili unapita 100, na wa mbao unazidi hapo. Wewe unaunyanyua kwa mkono na ile mota ndogo inaupandisha bila tabu kwa sababu uzito umebebwa na springi iliyosokotwa juu ya mlango, au kwenye milango mengine ni springi mbili za kuvutika zilizolala juu ya reli huku na huku. Na wakati springi imekaza kuliko wakati wote ni pale mlango ulipofungwa, umetulia kimya, na ndo hapo watu wanaona salama kupanda ngazi na spana. Mtu akilegeza bolti isiyo yake pale juu ile springi inajifyatua kwa nguvu zote, na alichokishika mkononi kinamrudia, vidole, taya, jicho. Nguvu hiyohiyo imo kwenye waya mbili za pembeni, imo kwenye zile dramu waya zinapojikunja, na imo kwenye breketi za chini kabisa, kona za mlango, ambapo waya zimefungwa. Hizi breketi za chini ndo zinadanganya watu, zinaonekana bolti mbili tatu za kawaida tu, na huku kwetu ndo za mwanzo kupata kutu kwa sababu ya maji ya sakafuni, basi mtu anataka kuzifungua azisugue azipake rangi. Usizifungue dada, wala usimruhusu kijana wa nyumbani azifungue.

Sasa mlango wako wewe, kule kubaki upande mmoja chini ni dalili kubwa kuliko kelele zote ulizonitajia. Mara nyingi maana yake waya wa upande mmoja umetoka kwenye dramu au umeanza kufumuka, au kama kuna springi mbili basi moja imechoka au imekatika. Kwa hiyo toka sasa usibonyeze rimoti tena. Kama mlango umefungwa uache umefungwa, chomoa mota kwenye soketi, rimoti itie mkobani watoto wasiifikie, na gari kama limo ndani bora lilale humohumo, nyie mpande bodaboda hata siku tatu. Najua ni usumbufu na skuli wanatakiwa wafike, lakini mota ikilazimishwa kuvuta mlango ambao springi yake haifanyi kazi inasaga meno yake ya ndani, na mlango unaweza kuteremka wote kwa mpigo. Kama umebaki wazi nusu, hapo ni mbaya zaidi, asipite mtu chini, weka viti au kamba kuzuia, na ule mkono mwekundu unaoning'inia kwenye mota USIUVUTE. Ule mkono unautenganisha mlango na mota, sasa mlango ukiwa juu na springi imekufa hakuna kitu kinachoushikilia tena.

Kukagua kwa macho unaweza, na nataka ukague, kwa sababu ukimpigia fundi ukamwambia "springi ya kushoto ina pengo" anakuja na vifaa vyake sawasawa, ukimwambia "mlango mbovu" anakuja na nyundo. Simama ndani, mlango umefungwa, mota imechomolewa, watoto wako ukumbini na mtu. Chukua tochi. Anza na springi ya juu, itizame mwanzo mpaka mwisho: ikiwa nzima mizunguko yake imeshikana yote, ikiwa imekatika utaona pengo la vidole viwili vitatu hivi, halina siri. Watu wengi pia wanaisikia ikikatika, mlio mkubwa kama bunduki usiku wanadhani mwizi au tairi limepasuka. Angalia na sakafuni chini yake, ukiona unga wa rangi ya kahawia umemwagika mstari mmoja ujue kutu inaila, na nyumba za karibu na bahari kama Mbweni hilo linakuja mapema.

Halafu waya. Usipitishe vidole, nyuzi zilizokatika zinachoma kama sindano na waya umekaza. Piga picha kwa simu ukiwa umesimama mbali kidogo, halafu ikuze picha. Tizama zaidi ile shibiri ya chini kabisa karibu na breketi, ndo panapoliwa na chumvi kwanza, ukiona hata uzi mmoja umesimama nje au waya umevimba na kuwa mwekundu, hiyo ni kazi ya fundi. Waya unaolegea na kuning'inia mlango ukiwa umefungwa nayo ni kazi ya fundi. Reli tizama kama zimepinda au zimeachia ukutani, vigurudumu kama vimekatika au vinachezacheza, bawaba kama zina ufa, na bati za mlango pale bawaba zilipofungwa kama zimechanika.

Katika vyote hivyo, vya kwako kufanya kwa mkono ni vichache. Kufuta reli kwa kitambaa kikavu. Kukaza bolti za bawaba za katikati zilizolegea, kwa spana ya kawaida bila kutumia nguvu nyingi. Kutia mafuta kwenye bawaba na kwenye vigurudumu pale katikati vinapozunguka, dawa ya kupuliza ya silikoni au grisi nyeupe ya lithiamu, zinapatikana maduka ya vifaa vya magari. Reli yenyewe usiitie grisi. Na tafadhali, oili chafu ya gari na mafuta ya kupikia watu wanayamimina sana, yanashika mchanga na vumbi na baada ya mwezi kelele inarudi mara mbili. Lakini yote haya subiri mpaka fundi ameshatengeneza, leo usifanye.

Akishamaliza, kabla hujamlipa mwambie akuoneshe majaribio matatu, na wewe uwe unayafanya kila mwezi. La kwanza, mlango umefungwa, vuta ule mkono mwekundu, halafu unyanyue kwa kishikio mpaka usawa wa kiuno uachie taratibu, mikono tayari na miguu nje. Mlango wenye springi sawa unabaki palepale au unasogea kidogo tu. Ukishuka wenyewe au ukipanda wenyewe, springi haijawekwa sawa, aipange tena. Wakati wa kuunyanyua shika kishikio, usishike kwenye maungio ya mapande, yanafunga na vidole vinabaki humo. La pili, rudisha mota, fungua mlango, laza kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 hivi sakafuni katikati ya njia, bonyeza kufunga. Mlango ukigusa ubao lazima urudi juu wenyewe. Ukiukandamiza ubao ukasimama hapo, au ukaendelea kusukuma, basi mlango huo haufai kutumiwa kwa rimoti mpaka utengenezwe. La tatu, yale macho mawili ya sensa yaliyo chini pembeni, hayatakiwi kuzidi sentimita 15 kutoka sakafuni manake yaliwekwa kwa ajili ya mtoto anaetambaa. Mlango ukiwa unashuka pitisha ufagio mbele ya macho hayo, mlango urudi juu. Mara nyingi tatizo lake ni utando wa buibui tu au vumbi, futa kwa kitambaa laini, na kama mlango wako unatazama magharibi jua la alasiri likipiga moja kwa moja kwenye jicho linaweza kulichanganya. Wapo mafundi wanaofunga macho yote mawili pamoja juu karibu na mota yakiangaliana ili "yasisumbue". Ukikuta hivo kwenye nyumba uliyokodi, ulinzi wa watoto wako umeondolewa na mtu mwengine kabla hujahamia, yarudishwe chini.

Na watoto, dada, mchezo wa kupita chini mlango ukishuka uishe leo, hata kama sensa ni nzima, kwa sababu sensa inaona mstari mmoja tu. Kitufe cha ukutani kiwe mita moja na nusu kwenda juu.

Fundi utamjuaje? Muulize anasokota springi kwa nini. Akikwambia kwa fimbo mbili za chuma zinazoingia sawasawa kwenye matundu ya ile koni, kile kichwa cha chuma mwisho wa springi, vizuri. Akikwambia kwa bisibisi au nondo yoyote, mshukuru, mpe nauli aende. Muulize pia atabadilisha springi ngapi. Zikiwa mbili zilifungwa siku moja basi zimechoka pamoja, na nyingi zimetengenezwa kufungua na kufunga mara 10,000 hivi, ukifungua na kufunga mara nne kwa siku hiyo ni kama miaka saba, na hewa ya bahari inapunguza. Na lazima apime, unene wa waya wa springi, upana wa ndani, urefu wake, na uzito wa mlango, hatoi moja ya kukadiria kwenye gari la zamani. Mara nyingi itabidi iagizwe Dar au Dubai, basi mvumilie, mlango ukae chini mpaka ifike. Na kwa kuwa nyumba si yako, zile picha mtumie mwenye nyumba kwenye WhatsApp leoleo pamoja na maneno kwamba umeacha kuutumia, ili pasitokee mabishano ya nani kaharibu na nani alipe.

SWALI: Fundi shikamoo. Sie tuko Wete, chini ya nyumba kulikuwa na duka la marehemu babu sasa tunaweka gari na Vespa. Mlango ni rola la bati la kuvuta kwa mkono. Zamani hata mtoto alikuwa analifungua, siku hizi tunalivuta watu wawili, na kulishusha ndo balaa, linaanguka puu. Pembeni limechubua ukuta. Mjomba anasema tulipake grisi nyingi. (Kijana wa Wete)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba mwambie grisi isubiri. Rola nalo lina springi ila hamuioni, imo ndani ya lile bomba la juu bati linapojikunjia, ndo mana watu wanafikiri halina. Rola lililokuwa jepesi likawa zito, na likishuka linaanguka lenyewe, springi yake imelegea au imekatika, na bati lote mnalibeba nyie kwa mikono. Siku mkono utateleza litamshukia aliyeko chini. Kwa hiyo lishusheni watu wawili taratibu, fungeni kufuli, gari likae nje mpaka apatikane fundi wa marola. Asipande mtu kufungua kile kifuniko cha juu wala bolti za mwisho za bomba, kwa sababu nguvu iliyobaki humo ikiachiwa bomba linazunguka na bati linashuka kwa pamoja.

Hilo la kuchubua ukuta lina sababu yake. Vile vipande vya bati vimepangwa kimoja kwenye chengine na mwisho wa kila kimoja, au kimoja kwa kuruka kimoja, kuna kizuizi kidogo cha kukizuia kisihame. Vizuizi hivyo vikidondoka au vikiliwa na kutu, vipande vinateleza kwenda pembeni kidogokidogo mpaka vinasugua. Simama ndani, rola limefungwa, tizama kingo zake juu mpaka chini, ukiona zimeingia na kutoka badala ya kunyooka mstari mmoja hapo pana kizuizi kilichotoka. Mwoneshe fundi.

Tizama na ule upau wa chini kabisa unaogusa sakafu. Wete mvua zenu mnazijua, maji yanakaa pale, ukiubonyeza kwa ncha ya ufunguo na ikaingia basi chuma kimeoza, na upau huo ndo unaoshika kufuli. Kitu mnachoweza kufanya wenyewe ni kusafisha njia mbili za pembeni, ondoeni mchanga na makazi ya nyigu kwa brashi kavu, halafu pulizieni silikoni kidogo. Hata kabla ya hapo hakikisheni liko chini, limetulia, hamlisafishi likiwa nusu limeegeshwa kwa gongo.

SWALI: Salaam. Kaka yangu aliyeko Marekani kanitumia mota ya mlango wa gereji kwenye kontena, iliyotumika, nyumba yangu iko Fuoni. Umeme ukikatika nitalitoaje gari? Na jenereta nimepanga kuliweka humohumo gereji. (Msomaji wa Fuoni)

JIBU: Bwana, hilo la jenereta ntaanza nalo mimi, kwa sababu ndo linaloua. Sie wenye umri tunaukumbuka mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja nzima kwa wiki kadhaa, na tena toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kila nyumba iliyojiweza ikawasha jenereta. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu halali akaamka. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi, gesi inapita chini ya mlango wa ndani inaingia vyumbani. Jenereta likae nje kabisa, mita 6 na zaidi kutoka kwenye madirisha na milango, lijengee kibanda cha paa tu cha kulizuia mvua. Gari nalo usiliache likinguruma ndani ya gereji.

Mota sasa. Kwanza soma lebo yake. Marekani umeme ni volti 120 na hetzi 60, hapa kwetu ni volti 230 na hetzi 50. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Transfoma itakushushia volti lakini hetzi hazibadilishi, na mota za aina ya zamani kwenye hetzi 50 zinakwenda polepole na zinapata moto zaidi. Na angalia ina macho ya sensa. Kule kwao sheria inataka mota zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1993 ziwe na kinga ya kumtambua mtu aliyenasa, ama sensa ama ukingo wa chini wa mlango unaohisi ukigusa kitu, basi ikiwa ni ya kabla ya hapo, au macho yamepotea kwenye kontena, usiifunge hata kama ni ya bure. Kaka yako usimvunje moyo, mwombe akutafutie hayo macho ya modeli hiyohiyo.

Kutoa gari umeme ukikatika: hakikisha mlango umefungwa, tizama springi na waya kwanza kama nilivyomweleza dada wa Mbweni, vikiwa vizima ndo uvute mkono mwekundu, nyanyua kwa kishikio mpaka mwisho, toa gari, ushushe, ufunge kwa komeo la ndani. Watu wanasahau hilo komeo, wanaacha mlango umeachiana na mota usiku kucha na mtu yeyote anaunyanyua kutoka nje. Umeme ukirudi fungua komeo kwanza kabla ya kubonyeza rimoti, ukisahau mota itauvuta mlango uliofungwa na bati la juu litapinda. Ukiunyanyua kwa mkono ukaona mzito ghafla, uache hapohapo ulipo chini, usiite vijana wa mtaani waje kusaidia kuusukuma, mpigie fundi.